Kwa Nini Tunda Huelea

Inua chupa ya jamu ya stroberi iliyopikwa nyumbani, uitazame mbele ya dirisha. Mara nyingi utaona matabaka mawili. Juu, vipande vya matunda vimebanana kama abiria wa matatu saa kumi na mbili jioni. Chini ni shira tupu, nyekundu, safi, haina hata mbegu. Mpishi akiona hivyo hukunja uso. Ameosha, amekata, amekoroga, ameungua vidole, halafu mwisho wa yote chupa inamsema mbele ya wageni.

Kosa lenyewe halina madhara. Jamu iliyojitenga huliwa kama nyingine yoyote: unafungua, unakoroga kwa kijiko, unapaka mkate, maisha yanaendelea. Lakini ukifuata historia ya jamu katika majiko ya Ufaransa, Uingereza na Marekani, ambako desturi hii ya kupika matunda kwa sukari na kuyafungia chupani ilikomaa, utakuta kosa hili dogo limepigwa vita kuliko makosa makubwa. Tena baadhi ya silaha zilizotumiwa zilimfungulia mlango adui mwingine, yule asiyeonekana kwa macho. Nimeisoma historia hiyo kwa muda sasa, na kila nikiirudia naona jicho na usalama vikivutana ndani ya sufuria moja.

Tuanze na tunda. Stroberi, hata ukiikata, ina vijishimo vya hewa ndani ya nyama yake, na sehemu kubwa iliyobaki ni maji. Shira ya jamu iliyoiva ina sukari asilimia 65 hivi, na shira ya namna hiyo ina uzito wa karibu mara 1.3 ya maji ya ujazo huohuo. Sasa tunda lenye hewa na maji litazamaje humo? Litapanda kama boya la wavuvi. Kuna mambo mawili tu yanayoweza kulizuia. La kwanza, sukari iingie ndani ya tunda na hewa itoke, mpaka tunda na shira vikaribiane kwa uzito. La pili, shira igande mapema, imkamate msafiri njiani kabla hajafika juu. Kila mbinu iliyowahi kuandikwa kuhusu jambo hili, kuanzia vitabu vya zamani hadi viwanda vya leo, inapita katika mojawapo ya njia hizo mbili.

Njia ya kwanza ni ya kale. Mwaka 1555 mjini Lyon kilichapishwa kitabu kuhusu vipodozi na matunda ya sukari, na mwandishi wake alikuwa daktari Nostradamus, yuleyule ambaye dunia inamkumbuka kwa tabiri zake. Kumbe mtabiri alijua pia kupika jeli. Wapishi wa sukari wa enzi zile hawakuwa na haraka. Walichemsha shira, wakaimimina juu ya matunda, wakaacha siku nzima. Kesho yake waliichuja shira, wakaichemsha iwe nzito zaidi, wakairudisha. Hivyo hivyo siku kadhaa, mpaka tunda likashiba sukari hadi ndani na kuanza kupitisha mwanga kama kaharabu. Tunda lililoshiba namna hiyo halina sababu ya kuelea. Wareno nao walikuwa na dawa yao: walisaga tunda liitwalo marmelo, wakalipika na sukari mpaka likawa zito la kukatwa kwa kisu, wakalipakia kwenye visanduku vya mbao na kuliuza ng'ambo, Uingereza ikiwamo. Likaitwa marmelada, na ndipo lilipotoka jina la mamaledi. Humo hapakuwa na kipande cha kuelea kwa sababu hapakuwa na kipande kabisa.

Kisha kikaja kioo.

Hapa ndipo, kwa maoni yangu, kosa letu lilipozaliwa kama kosa. Kabla ya hapo jamu ya nyumbani ilikaa kwenye vyungu vya udongo, juu imefunikwa karatasi iliyochovywa brandi au kibofu cha mnyama kilichofungwa kwa uzi. Nani angejua kama matunda yamekaa juu au chini? Chungu hakisemi. Uingereza ilitoza ushuru wa kioo hadi mwaka 1845, na ushuru ulipofutwa chupa zikaanza kuwa kitu cha kawaida. Tarehe 30 Novemba 1858, huko Marekani, John Landis Mason alipata hataza ya chupa yenye shingo ya kuskurubu kifuniko. Mwaka 1874 Uingereza ikafuta ushuru wa sukari, na jamu, iliyokuwa anasa ya wenye nacho, ikaingia kwenye meza ya mfanyakazi wa kiwanda kama kitoweo cha mkate. Katika miaka 30 hivi, kioo, kifuniko na sukari vilifika katika majiko mengi kwa pamoja. Kile ambacho chungu kilikificha, chupa ikakitangaza.

Na kitu kikishaonekana, kitashindanishwa. Katika maonyesho ya kilimo ya majimbo ya Marekani na ya vijiji vya Uingereza, chupa za jamu zilipangwa mezani mbele ya majaji. Kabla ya kuonja, jaji hutazama: rangi, usafi wa chupa, povu lililobaki juu, na kama matunda yametapakaa sawasawa. Mama aliyepika jamu nzuri yenye tabaka tupu chini alijua amepoteza alama hata kabla ya kijiko kuguswa. Kwa hiyo ushauri ukaanza kupita kutoka mdomo hadi mdomo na kutoka kitabu hadi kitabu: usimimine jamu ikiwa moto sana. Waingereza walisema iache sufuriani dakika 10 hadi 15, mpaka utando mwembamba utokee juu, kisha koroga na umimine. Wamarekani walisema iepue, ikoroge na kuiondoa povu kwa dakika tano, ndipo uchote kwa upawa.

Ushauri huo hufanya kazi, na sababu yake ni ile njia ya pili. Jamu inapopoa huanza kuganda, na shira iliyoanza kuganda hulishika tunda. Ukiangalia kwa jicho la jaji, hakuna tatizo. Tatizo ni lile ambalo jaji hakuwa na namna ya kuliona: kila dakika ambayo jamu inapoa sufuriani, inapoteza uwezo wake wa kuisafisha chupa. Jamu inayomiminwa ikiwa na joto la nyuzi 85 za Selsiasi au zaidi huua vijimbegu vya kuvu vilivyotua kwenye kioo na chini ya kifuniko. Ikishuka chini ya hapo, inavitandikia tu kitanda cha sukari.

Kwa nini basi watu hawakuona hatari? Kwanza, kwa sababu hawakuwa wanaziba chupa kwa maana tunayoijua leo. Walikuwa wanazifunika. Karatasi, kitambaa, halafu nta nyeupe ya parafini, ile ya mishumaa, iliyoyeyushwa na kumwagwa juu ya jamu. Nta ilipendeza macho: nyeupe, laini, imetulia kama barafu. Lakini nta ikipoa hunywea. Hujitenga na kioo upenyo wa unywele, na unywele unatosha. Majira ya joto yakija, jamu hutokwa na jasho pembeni mwa nta, na kuvu hufuata jasho. Mpishi alipokuta kuvu, aliikwangua akaitupa, akaendelea kula ya chini.

Lakini elimu ilikuwapo. Nicolas Appert, mtengenezaji wa peremende wa Paris, alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba chakula kikifungwa kwenye chupa ya kioo, chupa ikazibwa kwa kizibo imara kisha ikachemshwa majini ikiwa imefungwa, hukaa muda mrefu bila kuharibika. Serikali ya Ufaransa ilimpa faranga 12,000 kwa sharti kwamba aichapishe siri yake, naye akaichapisha mwaka 1810. Appert hakujua kwa nini inafanya kazi. Sababu ilijulikana miaka ya 1860, Louis Pasteur alipoonyesha kwamba uharibifu huletwa na viumbe vidogo vinavyotoka nje, na kwamba joto huviua. Ukiyaweka maelezo ya watu hao wawili pamoja, somo ni rahisi: ziba kwanza, chemsha baadaye, ili kilichoingia na hewa kife ndani ya chupa na kingine kisipate pa kupitia.

Lakini somo hilo lilichukuliwa kuwa la nyama, mboga na maharagwe. Jamu ilionekana haihusiki, na kulikuwa na ukweli fulani ndani yake. Ule ugonjwa wa kutisha wa vyakula vya kufungwa, botulizimu, ambao bakteria wake alitambuliwa na Émile van Ermengem baada ya wanamuziki kula paja la nguruwe lililoharibika katika kijiji cha Ellezelles, Ubelgiji, mwaka 1895, haumei penye asidi ya kutosha. Mpaka wake ni pH 4.6, chini ya hapo bakteria huyo hawezi kukua. Stroberi, machungwa, plamu na nanasi ziko chini ya mpaka huo zenyewe, na sukari nyingi huongeza ulinzi. Kwa hiyo mpishi wa jamu aliweza kukosea mengi na bado akaamka salama. Hiyo ndiyo iliyomdanganya. Usalama aliupewa na tunda, yeye akadhani ameupewa na nta.

Siku hizi wataalamu wanashauri kwamba jamu yenye kuvu itupwe yote, isikwanguliwe. Baadhi ya kuvu hutoa sumu inayosambaa chini ya ile sehemu yenye manyoya unayoiona, tena kuvu hula asidi ya tunda, na asidi ikipungua ule mpaka wa pH huanza kusogea. Mwongozo kamili wa kufungia vyakula nyumbani, uliotolewa mara ya kwanza na Wizara ya Kilimo ya Marekani mwaka 1988, unaagiza jamu ichemshwe ndani ya chupa zilizofungwa, kama Appert alivyofanya. Nta haina tena nafasi katika mafundisho hayo. Kati ya Appert na mwongozo huo zilipita karne moja na miaka 78.

Kuna mbinu nyingine niliyokutana nayo mara nyingi, na bado ina wapenzi wengi: kufunga chupa ya moto, kisha kuigeuza kichwa chini miguu juu. Wanaoitetea hutoa sababu mbili kwa pumzi moja. Ati jamu ya moto itaua vijidudu vya kifuniko, na ati tunda likianza kupanda upande mmoja, ukiligeuza litarudi katikati. Sababu ya pili ina ukweli kidogo. Ya kwanza haiaminiki, kwa sababu joto la jamu inayopoa ndani ya chupa hutofautiana na mpishi hana namna ya kulipima. Zaidi ya hayo, jamu ikilalia kifuniko inaweza kujipenyeza kati ya mpira wa kifuniko na mdomo wa chupa, na kile kilichotakiwa kuziba kikashindwa kuziba. Na kifuniko kikiachia, shira ya nyuzi 90 inamwagikia mkono. Nikiipima mbinu hiyo, naona bado ni mshindani wa maonyesho: tunda limekaa katikati, na mlango umeachwa wazi.

Viwanda viliitatua shida hii kwa namna yao, na hapa kemia inapendeza. Mwaka 1825 mkemia Mfaransa Henri Braconnot alichunguza kile kitu kinachofanya maji ya matunda yagande, akakiita kwa neno la Kigiriki lenye maana ya kuganda. Ndicho tunachokiita pektini. Imo kwa wingi katika tufaha, ganda la chungwa na limau, na mapera yetu. Imo kwa uchache katika stroberi, na ndiyo maana stroberi husumbua kuliko tunda lingine lolote. Mwaka 1913 Robert Douglas alipata hataza ya Marekani ya kutengeneza pektini kutokana na matufaha, na baada ya muda si mrefu ikauzwa kwenye chupa kwa akina mama. Kupika kukawa kwa dakika chache badala ya saa nzima.

Muda mfupi wa kupika ulileta faida na hasara pamoja. Rangi ilibaki nzuri na ladha ilibaki ya tunda. Lakini tunda lililopikwa dakika chache halijapata muda wa kunywa sukari wala kutoa hewa, kwa hiyo huelea zaidi. Wenye viwanda wakaligundua hilo, wakagawa pektini katika aina mbili. Kuna ya kuganda upesi, ambayo huanza kushika jamu ingali moto sana, nayo hutiwa kwenye jamu yenye vipande ili vinaswe mapema. Na kuna ya kuganda polepole, ambayo hutiwa kwenye jeli isiyo na vipande, ili viputo vya hewa vipate muda wa kupanda na kutoka. Ukinunua jamu ya dukani na kukuta kila kipande kimetulia mahali pake kama nyota, usidhani mpishi wake alikuwa fundi kukuzidi. Alikuwa na pektini ambayo wewe huna, na mashine ya kumimina ikiwa moto, kuziba na kupoza kwa vipimo vya kila sekunde. Kumshindanisha mama wa nyumbani na mashine hiyo kwa kigezo cha sura peke yake ni kumwonea.

Wakati mmoja tu katika historia hii naona sura ikiwekwa pembeni waziwazi. Januari 1940 Uingereza ilianza kugawa sukari kwa kadi, na mwaka uliofuata jamu nayo ikaingia kwenye mgao. Matunda yalikuwa yakiozea mashambani na meli za chakula zikizamishwa baharini. Serikali ikawapa sukari wanawake wa vyama vya Women's Institute, vilivyoanzia Kanada mwaka 1897 na kuingia Uingereza mwaka 1915, nao wakafungua vituo vya kuhifadhi matunda katika kumbi za vijiji, magereji na majiko ya shule. Kati ya 1940 na 1945 walihifadhi zaidi ya tani 5,000 za matunda. Jamu ile iliingia kwenye maduka na kuliwa na watu wasiomjua aliyeipika, kwa hiyo ilibidi ipimwe: sukari ya kutosha ili isiharibike, na chupa zilizozibwa vizuri. Sijakuta ushahidi kwamba mtoto yeyote wa London aliyepewa jamu wakati wa mabomu aliuliza kwa nini vipande vimekaa juu. Vita vilipokwisha, mashindano yakarudi, na alama za macho zikarudi nayo.

Jamu ilifika kwetu na walowezi, mizigoni mwao pamoja na vitabu vya mapishi. Mwaka 1928 wanawake wa kanisa la St Andrew's, Nairobi, walichapisha kitabu cha mapishi cha walowezi wa Kenya, chenye hata maagizo ya Kiswahili ya kumsomea mpishi. Mpishi mwenyewe, aliyesimama juu ya moto akikoroga, hakuandikwa jina. Lakini mimi hufikiri juu yake, kwa sababu alikuwa na tatizo ambalo vitabu vya ng'ambo havikulitaja: vilikuwa vimeandikwa usawa wa bahari.

Vitabu vya Uingereza husema jamu imeiva ikifika nyuzi 104 au 105. Hiyo ni sahihi Mombasa, ambako maji huchemka kwa nyuzi 100. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na maji huchemka kwa nyuzi 94 hivi. Eldoret, karibu mita 2,100, ni nyuzi 93. Kanuni ya kweli ni nyuzi nne na kitu juu ya mahali maji yako yanapochemka, kwa hiyo jamu ya Nairobi huiva ikikaribia 98 na nusu, na ya Eldoret kama 97 na nusu. Ukimlazimisha mpishi wa Nairobi afikishe 105 kwa sababu kitabu kimesema, atachemsha mpaka maji yaishe na jamu iwe tofi. Na katika safari hiyo ndefu pektini huvunjika. Ikivunjika, shira haigandi vizuri, na shira isiyoganda ndiyo njia kuu ya tunda kupandia. Sina shaka kuna wapishi waliokaripiwa kwa kosa ambalo lilikuwa la kipimajoto na mlima.

Urefu wa nchi unagusa usalama pia, kwa kuwa maji yanayochemka kwa nyuzi 94 huua polepole kuliko ya nyuzi 100. Mafundisho ya Marekani, ambako nako kuna milima, yanaligawa jambo hili vizuri. Chupa za jamu zilizofungwa huchemshwa zikiwa zimezama majini kwa dakika 5 mpaka kimo cha futi 1,000, dakika 10 kutoka hapo mpaka futi 6,000, na dakika 15 kupita hapo. Futi 6,000 ni mita 1,830 hivi. Kwetu hapa maana yake ni kwamba Mombasa, Malindi na Lamu ni dakika 5, tena kwa chupa ambazo zimechemshwa tupu kwanza ili ziwe safi. Katikati ya Nairobi ni dakika 10. Ngong, Limuru, Eldoret na Nyahururu ni 15. Ukikaa Nairobi kwenye vilima vya kuelekea Ngong, hesabu 15 uwe na amani.

Basi tunda lizuiwe vipi bila kuuza usalama? Nikiipanga historia yote hii kwenye meza, jibu linarudi kwa wale wapishi wa sukari wasio na haraka: kazi ifanyike kabla ya chupa. Chagua tunda lililoiva, maana bichi ni gumu na halinywi sukari, ila lisiwe limeanza kulegea na kuoza. Likate vipande vidogo au uliponde; tunda zima ndilo huelea kwanza. Lichanganye na sukari yake usiku, uliache mpaka asubuhi mahali pa baridi, na utakuta limeogelea kwenye maji yake lenyewe huku hewa imeanza kutoka. Wenzetu wa pwani wanalijua wazo hili kwa upande wa chumvi: embe la achari hutiwa chumvi na kuanikwa juani kwanza, ndipo liingie chupani.

Usipunguze sukari ya kipimo kwa kubahatisha, kwa sababu sukari hiyo ndiyo inayogandisha na kuhifadhi. Anayetaka jamu ya sukari kidogo aitengenezee kipimo chake maalumu au aiweke kwenye friji na kuimaliza upesi. Tia maji ya ndimu kwenye stroberi ili igande vizuri. Na ukipika papai, ndimu si hiari: papai lina asidi kidogo mno, liko juu ya ule mpaka wa 4.6, na lazima lifuate kipimo cha ndimu kilichojaribiwa.

Pika kwenye sufuria pana mpaka vipande vianze kupitisha mwanga na kuzama pale unapoacha kukoroga. Hapo tunda lenyewe linakwambia liko tayari. Epua, ondoa povu, koroga taratibu kwa dakika moja au mbili, halafu mimina haraka kwenye chupa za moto, ukiacha nafasi ya milimita 6 juu. Kama una kipimajoto, hakikisha hujashuka chini ya 85. Futa mdomo wa chupa, funga kwa kifuniko kipya, chemsha kwa dakika za kimo chako, kisha iache isimame wima, isiguswe, kwa saa 12 au zaidi.

Je, baada ya hayo yote tunda linaweza kuelea bado? Linaweza. Stroberi ni stroberi. Lakini sasa unajua ni nini kilichoelea na ni nini kilichozibwa. Bonyeza katikati ya kifuniko: kikiwa kimenywea chini na hakirudi juu kwa mlio, hewa ilitoka na chupa imefunga. Hilo halionekani ukiwa umesimama mbele ya dirisha, na hakuna jaji wa maonyesho anayeweza kukupa alama zake kwa kutazama tu.

Ndiyo maana nasema mpishi wa nyumbani apewe haki ya kuwa na tabaka mbili kwenye chupa yake. Kwa miaka mingi aliambiwa asubiri jamu ipoe ili ipendeze, amwage nta ili ipendeze, ageuze chupa ili ipendeze, na kila mara gharama ililipwa mahali ambapo macho hayafiki. Kijiko kinalimaliza tatizo la tunda lililoelea kwa mizunguko mitatu. Kifuniko kilichoachia hakina dawa ya kijiko.